Gari la Zamani Lililolala Miaka Mingi: Namna ya Kuanza Kulifufua

Utangulizi

Katika nyua nyingi za miji yetu, nyuma ya nyumba au chini ya mwembe, hukutwa gari ambalo halijatembea kwa miaka kumi, ishirini au zaidi. Mara nyingi ni Peugeot, Land Rover, Volkswagen au Datsun iliyoachwa na mzazi, au iliyonunuliwa kwa bei ndogo kutoka kwa jirani. Mwenye gari hilo huona fahari ya zamani, naye fundi huona kazi. Kati ya fahari na kazi hiyo, fedha nyingi za walaji hupotea, na wakati mwingine maisha ya watu huwekwa hatarini.

Somo hili limeandaliwa ili kumsaidia mlaji asiye fundi. Halikusudii kumfundisha kutengeneza gari mwenyewe, bali kumwezesha kujua kazi ipi hutangulia, maswali gani amuulize fundi, na wakati gani afunge mkoba wake.

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:
(a) kueleza sababu za kutowasha injini iliyolala muda mrefu kabla ya ukaguzi;
(b) kuhakiki umiliki na nyaraka za gari kabla ya kutumia fedha;
(c) kupanga matengenezo kwa kutanguliza usalama, na
(d) kuandikiana na gereji makubaliano yanayomlinda.

Mfano utakaotumika ni Peugeot 504. Gari hili lilianza kuuzwa mwaka 1968, likatunukiwa heshima ya Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 1969, na matoleo yake yakashinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Lilipendwa Afrika Mashariki kwa uimara wake, na lile la aina ya "station wagon" lilibeba abiria wengi wa masafa marefu. Hata hivyo, kanuni zinazoelezwa hapa zinafaa kwa karibu kila gari la petroli la zama hizo.

1. Gari lililosimama huharibika

Wengi hudhani kuwa gari lisilotumika hubaki kama lilivyoachwa. Ukweli ni kinyume chake. Oili huteremka kutoka kwenye kuta za silinda, na ringi za pistoni zinaweza kushikwa na kutu. Petroli huchacha na kuacha utando unaonata unaoziba matundu ya kabureta. Tangi lisilojaa hupata unyevu ndani, na kutu yake hukatika vipande vipande. Mipira ya breki hukauka na kupasuka. Maji ya redieta yasiyo na dawa ya kuzuia kutu hula chuma na aluminiamu. Panya hujenga viota ndani ya kisafisha hewa na kutafuna nyaya. Katika miji ya pwani, hewa ya chumvi huongeza kasi ya uharibifu wa bodi.

Kwa sababu hiyo, kauli ya muuzaji kwamba gari "liliegeshwa likiwa zima" haitoshi kuwa kigezo cha bei. Yawezekana ni kweli, lakini inaeleza hali ya siku lilipoegeshwa, si hali ya leo.

2. Nyaraka hutangulia spana

Kabla ya kununua hata plagi moja, mlaji anashauriwa kuhakiki mambo yafuatayo:

Kwanza, kadi ya gari. Linganisha namba ya chasisi na namba ya injini zilizo kwenye kadi na zile zilizogongwa kwenye gari lenyewe. Magari mengi ya zamani yalikwisha kubadilishiwa injini, mara nyingi kwa kuwekewa ya Kijapani. Jambo hilo si kosa kwa lenyewe, lakini mabadiliko ya injini au rangi yanapaswa kuonekana katika kumbukumbu za usajili. Namba zisipolingana, simamisha kazi hadi upate maelezo ya maandishi.

Pili, mwenye mali. Ikiwa gari liliachwa na marehemu, ni sehemu ya mirathi. Mtoto anayelitengeneza kwa fedha zake kabla ya mahakama kuteua msimamizi wa mirathi na kabla ya mgawanyo kufanyika, anaongeza thamani ya mali ambayo bado si yake peke yake. Ndugu wakidai fungu lao baadaye, itakuwa vigumu kwake kurudishiwa gharama. Hivyo basi, wanandugu wakae, wakubaliane kwa maandishi nani atalichukua gari na kwa thamani gani, na msimamizi akamilishe taratibu za kisheria.

Tatu, usajili na madeni. Wasiliana na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ili kujua hali ya usajili wa gari, hasa kama bado lina namba za mfumo wa zamani. Ulizia pia kama lina deni au zuio lolote, na gharama za kuhamisha umiliki. Majibu hayo yaingizwe kwenye bajeti.

3. Ukaguzi wa bodi

Injini inaweza kufumuliwa na kuundwa upya. Bodi iliyooza hugharimu zaidi, kwa kuwa kukata mabati na kuchomelea ni kazi ya siku nyingi. Kwa hiyo uamuzi wa kuendelea au kuacha utegemee zaidi hali ya bodi kuliko hali ya injini.

Inua kapeti zote na utazame sakafu. Pitia kwa makini kingo za chini ya milango, mahali jeki inapokaa, na sehemu za mbele ambako springi na shokomzoba zimefungwa. Gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi: bati zima hutoa mlio mkali, bati lililooza hutoa mlio mfu au hutoboka. Tumia pia sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa. Mahali isiposhika, pana uwezekano kuwa bati limeliwa na pengo likajazwa puti.

Kutu ya juujuu kwenye mlango au boneti ni suala la sura. Kutu iliyotoboa sehemu inayobeba uzito wa gari, mahali pa kufungia mikanda, au mahali mfumo wa usukani umeshikizwa, ni suala la usalama. Sehemu hizo zisifunikwe kwa puti na rangi. Zikatwe na kuchomelewa bati jipya lenye unene unaostahili.

4. Usiwashe injini kwanza

Kosa linaloleta hasara kubwa katika kazi hii ni kufunga betri mpya na kupiga stata siku ya kwanza. Ringi zilizoshikana na kutu zinaweza kuvunjika, valvu zilizoganda zinaweza kusababisha vijiti vyake kupinda, na uchafu wa tangi huvutwa moja kwa moja hadi kwenye kabureta. Injini ambayo ingehitaji usafi hugeuka kuwa injini inayohitaji kufumuliwa.

Mlaji ahakikishe fundi anafuata mpangilio huu:

(i) Avute kijiti cha oili na kuitazama. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili kuwa imechanganyika na maji. Injini ya 504 ina laina zinazozungukwa na maji moja kwa moja, zenye mipira ya kuzuia maji kwa chini. Mipira hiyo ikichoka, maji huingia kwenye sampu. Ikiwa hali ni hiyo, injini isizungushwe hadi chanzo kijulikane.

(ii) Afungue kisafisha hewa na kuondoa viota, majani na uchafu.

(iii) Afungue plagi zote, amimine oili safi kiasi cha kijiko kimoja cha chakula katika kila silinda, kisha aiache ipenye kwa siku moja au mbili. Injini iliyolala sana huhitaji muda zaidi.

(iv) Gia ikiwa huru, aizungushe injini kwa mkono, kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele. Ikikataa, asiilazimishe kwa bomba refu. Aongeze oili na kusubiri. Ikishindikana kabisa, silinda hedi ifunguliwe. Katika injini yenye laina za aina hii, fundi abane laina kabla ya kuzungusha chochote baada ya kutoa silinda hedi, vinginevyo zinaweza kunyanyuka na kuharibu mipira ya chini.

(v) Afungue kifuniko cha valvu na kuangalia kama kila valvu hupanda na kushuka injini inapozungushwa.

(vi) Abadilishe oili na filta yake, akague nyaya zote, ndipo afunge betri. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6.

(vii) Plagi zikiwa bado nje, apige stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izimike au geji ionyeshe presha. Hapo ndipo kompresheni ipimwe na matokeo yaandikwe.

(viii) Kwa mara ya kwanza injini iwashwe kwa petroli safi kutoka kwenye chombo salama cha muda, si kutoka kwenye tangi la zamani.

Tahadhari tatu hazina mjadala. Injini iwashwe mahali pa wazi, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua. Kizimamoto kiwe karibu wakati wote. Na tangi la petroli lisichomelewe na fundi wa mtaani hata kama linaonekana tupu na kavu: mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka na kuua. Tangi lililotoboka lipelekwe kwa mwenye vifaa na ujuzi wa kulisafisha kwanza, au libadilishwe. Petroli ya zamani isimwagwe kwenye mtaro wala ardhini.

Jambo jingine linahusu petroli ya siku hizi. Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Baadhi ya injini za zamani, hasa zenye silinda hedi ya chuma cha kalibu, zilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya valvu. Silinda hedi ikifunguliwa, muulize fundi kama viti hivyo ni vya chuma kigumu. Kuvibadilisha wakati huo ni nafuu kuliko kufungua injini mara ya pili.

5. Kusimama kabla ya kwenda

Gari lisisogezwe kwa nguvu ya injini yake, hata ndani ya ua, kabla breki hazijafanyiwa kazi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Kwa miaka mingi unyevu huo huozesha masta silinda na silinda za magurudumu kwa ndani, mahali pasipoonekana. Pedali inayoonekana ngumu leo inaweza kuzama ghafla kesho. Mafuta yote yabadilishwe, mipira yote inayonyumbulika iwekwe mipya, na mabomba ya chuma yenye kutu yaondolewe.

Pedi na viatu vya breki vya zamani huenda vina asbesto, ambayo vumbi lake likivutwa husababisha maradhi makubwa ya mapafu, ikiwemo saratani. Fundi asilipulize vumbi hilo kwa kompresa wala kwa mdomo. Alifute kwa kitambaa chenye maji, na watoto wasiwepo karibu.

Kuhusu matairi, kina cha kashata hakitoshi kuwa kipimo. Tazama ubavuni mwa tairi: baada ya herufi DOT, mwishoni, pana tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kwa mfano, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Penye tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Tairi la umri huo linaweza kutumika kulisukuma gari hadi kwenye gari la kulibeba, lakini si kubeba familia barabarani.

6. Bajeti: usalama, mwendo, urembo

Panga kazi zote katika mafungu matatu. Fungu la usalama ni breki, matairi, usukani, taa, mikanda na bati la chini. Fungu la mwendo ni injini, mafuta, upoozaji na umeme. Fungu la urembo ni rangi, viti na nakshi. Fungu la tatu lisianze kabla ya mawili ya kwanza kukamilika.

Tuchukulie mfano. Takwimu hizi ni za kuelezea hesabu tu, si bei elekezi. Mlaji ana shilingi 8,000,000. Ukaguzi unaonyesha kuwa breki na matairi vitagharimu 2,400,000, kuchomelea sakafu 2,000,000, na mfumo wa mafuta, upoozaji na umeme 1,600,000. Jumla ni 6,000,000. Gari la zamani halikosi jambo lililojificha, hivyo anatenga theluthi moja ya makisio, yaani 2,000,000, kuwa akiba ya dharura. Fedha zake zimekwisha kupangiwa, na rangi haimo.

Mlaji huyo ana njia mbili za busara: kulimaliza gari likiwa salama na rangi yake ile ile kuukuu, au kusubiri hadi apate nyongeza. Lakini kama angeanza na rangi ya 3,000,000, angebakiwa na 5,000,000, pungufu ya kazi za lazima hata kabla ya dharura yoyote. Gari lingeng'aa, lakini breki zingebaki zile za zamani. Magari ya namna hii huishia kuuzwa kwa hasara kwa mtu anayedanganywa na mng'ao.

Wekea jambo hili kikomo tangu mwanzo. Andika kiasi ambacho kikipitwa utasimamisha kazi, na umwonyeshe mwenzi wako au ndugu mnayeshirikiana naye. Kuuza gari kama lilivyo, au kwa spea, si aibu. Ni afadhali kuliko kuchukua mkopo wa ada za shule kukamilisha bodi iliyooza.

7. Makubaliano na gereji

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kulikabidhi gari, andikianeni hati yenye mambo haya:

• Hali ya gari siku ya makabidhiano, pamoja na picha, namba ya chasisi, namba ya injini, na orodha ya vifaa vilivyomo (jeki, tairi la akiba, redio, vifuniko vya magurudumu).
• Kazi zitakazofanywa, moja moja, na gharama ya kila moja, ufundi ukitenganishwa na spea.
• Sharti kwamba kazi yoyote ya ziada isianze bila idhini yako ya maandishi. Ujumbe wa simu unatosha, mradi utunzwe.
• Malipo kwa hatua, kila hatua ilipwe baada ya kukaguliwa. Usilipe fedha zote mwanzoni.
• Sharti la kurudishiwa kila kifaa kilichotolewa. Kifaa cha zamani mkononi mwako ni ushahidi kuwa kipya kimefungwa, na vingine vya magari haya havipatikani tena madukani.
• Muda wa kukamilisha kazi, muda wa dhamana, na nani anabeba gharama ya maegesho kazi ikichelewa.

Dai stakabadhi halali ya kila malipo. Kwa spea za breki na usukani, nunua kwenye duka linalojulikana, kagua kifungashio, na ujiepushe na bei isiyolingana na soko. Ukimtuma fundi kununua, mwombe stakabadhi yenye jina la duka.

8. Kabla ya kurudi barabarani

Gari likikamilika, lipelekwe likakaguliwe na Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani. Kata bima, angalau ile ya mtu wa tatu ambayo ni ya lazima kisheria, na uihakiki kwamba ni halali. Hakikisha kadi inaonyesha jina lako, injini iliyomo na rangi iliyopo.

Safari za mwanzo ziwe fupi, mchana, karibu na nyumbani. Baada ya kila safari tazama chini ya gari kama pana uvujaji, gusa kila gurudumu kuona kama lipo linalopata moto kupita mengine, na angalia kiwango cha maji na oili injini ikiwa imepoa. Baada ya kilomita mia chache, badilisha tena oili na filta, kwa maana injini iliyolala hutoa uchafu mwingi inapoanza kazi.

9. Mkitofautiana na gereji au muuzaji

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma. Muuzaji aliyesema injini ni ya awali huku akijua si kweli, au gereji iliyotoza spea mpya na kufunga iliyotumika, anaweza kuwajibishwa. Anza kwa kuwasilisha lalamiko kwa mhusika kwa maandishi, ukieleza kasoro, tarehe na unachotaka kifanyike, na umpe muda maalumu wa kujibu. Asipojibu, peleka lalamiko kwa Tume ya Ushindani pamoja na nakala za makubaliano, stakabadhi, picha na ujumbe wa simu. Usilipeleke gari kwa fundi mwingine kabla kasoro haijapigwa picha na, ikiwezekana, kuandikiwa maelezo na fundi asiye na upande.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini hali ya bodi ipewe uzito kuliko hali ya injini katika kuamua kulifufua gari?
2. Taja kazi nne zinazopaswa kufanyika kabla ya kupiga stata kwa mara ya kwanza.
3. Tairi lina tarakimu 0811 baada ya herufi DOT. Lilitengenezwa lini?
4. Baba amefariki na kuacha Peugeot 504. Kaka mkubwa anataka kuanza matengenezo wiki hii kwa fedha zake. Ungemshauri nini, na kwa nini?
5. Fundi anakuambia amekwisha kubadilisha masta silinda, lakini hana kifaa cha zamani wala stakabadhi. Je, ulipe hatua hiyo? Toa sababu.